Tulizaliwa kumi Kibosho. Dada yetu wa tatu karudi nyumbani na kaunta buku

Mtoto wa Sita aliandika:

Wakuu, salama? Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite jukwaa la michezo atatukuta tu. Moderator, naomba usiunganishwe na zile nyuzi za mirathi, maana mirathi imo lakini siyo kiini.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, Moshi Vijijini, wa sita kati ya kumi. Ukimuuliza mama atakwambia kumi. Ukituhesabu tuko tisa, kwa sababu wa saba alichukuliwa na surua kabla hajajua kusema vizuri. Mama hajawahi kumtoa kwenye hesabu, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Sasa ukifika wa sita, mababu wameshaisha zamani. Mimi jina nilipewa na nesi wa zamu. Aliuliza aandike nani, mama kachoka hoi akamwambia andika unalopenda. Natembea na jina la kaka yake nesi, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni.

Kulala ilikuwa wavulana wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne, kisigino cha mwenzako kiko puani mwako mpaka asubuhi. Huyo wa nne kitandani hakuwa hata ndugu wa tumbo moja, alikuwa mtoto wa shangazi aliyeletwa "kwa muhula mmoja" akakaa miaka sita. Kikojozi wetu (simtaji, leo ni mzee wa kanisa) aliwekwa ukingoni ili aamke mwenyewe usiku. Hakuwahi kuamka.

Chakula kilikuwa cha kutosha, nisidanganye. Migomba ilikuwepo, maziwa yalikuwepo. Ugomvi mkubwa ulikuwa ukoko. Sufuria ya ubwabwa ikiisha, kile kilichoshika chini kilikuwa kinapiganiwa mpaka watu wanatoana damu. Ndipo dada yetu wa tatu akaja na utaratibu: ukutani jikoni, nyuma ya mlango, akachora mistari kwa mkaa, kila mtu na safu yake. Ukila ukoko leo unawekewa mstari, hurudii mpaka wote wapate. Akaongeza safu ya kuchota maji mferejini, akaongeza ya kukata majani ya ng'ombe. Kwa mgeni wa mlimani: ng'ombe wetu hawatoki bandani, ardhi ni finyu, majani unayafuata wewe tambarare na kuyapandisha kichwani. Mama na dada walikuwa wanashuka alfajiri. Sisi wavulana tulikuwa na safu fupi kidogo kwenye huo ukuta, sasa hivi ndiyo naliona.

Nguo zilishuka kwa ngazi. Kaptula ilianza kwa kaka wa pili, ikaja kwa wa tano, ikanifikia mimi ikiwa na viraka vya rangi tatu makalioni. Krismasi baba alinunua kitambaa jora moja mjini, fundi akatushonea wote: mashati, magauni, na kilichobaki kitambaa cha meza. Kanisani tulionekana kama kwaya iliyokosa mwalimu. Kitu changu cha kwanza kipya, ambacho hakikupita kwa mtu, kilikuwa kandambili za kijani. Nilikuwa darasa la tatu. Tuliambiwa kaka mkubwa katuma kutoka Dar. Nililala nazo.

Sasa shule, na hapa ndipo penye mambo.

Kaka wa kwanza na wa pili walisomeshwa na kahawa. Tulikuwa tunachuma, tunamenya kwa mashine ya mkono, tunaivundika, tunaosha, tunaanika kwenye matandiko ya waya. Baba anapeleka chama cha msingi, analipwa awamu ya kwanza, halafu malipo ya pili yanakuja baadaye. Hayo malipo ya pili ndiyo yalikuwa ada. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kwa wazee wa kule haikuwa ushirika tu, ilikuwa mzazi wa tatu.

Dada alimaliza la saba 1988. Alifaulu, ila shule za serikali nafasi zilikuwa za kuhesabu na hakuchaguliwa. Baba akamwambia usijali, kahawa ya mwakani itakupeleka sekondari ya wazazi. Julai 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana mgawo wa kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Mzee wa Kibosho mwenye mibuni mia kadhaa angejuaje kwamba watu wamekaa London wakashindwa kuelewana? Aliona tu hela imekuwa ndogo. Akamwambia dada, subiri mwakani. Mwakani ilivyofika akamwambia subiri tena. Majirani walianza kung'oa mibuni wakapanda nyanya.

Dada hakusubiri mara ya tatu. Alianza kushusha ndizi soko la Mbuyuni, Moshi mjini, baadaye akapata kimeza cha mitumba soko la Kiboriloni. Akiwa na miaka kumi na nane alikuwa analisha nyumba kuliko baba, na baba alijua, na lilikuwa jambo lisilosemwa.

Tulikuwa na tranka moja ya bweni. Baba aliandika jina la kaka mkubwa juu ya mfuniko kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango. Alipomaliza, likapigwa mstari, likaandikwa la kaka wa pili. Likapigwa mstari, likaandikwa la wa tano. Kisha langu, 1995. Kisha la mdogo wetu wa nane. Jina la dada halijawahi kuandikwa pale, wakati kila lililoandikwa baada ya 1990 lililipiwa na yeye.

Baadaye alikwenda Arusha, akaishi na mtu mtaa wa Unga Limited, akapata mtoto wa kiume. Mahari haikuja. Mtu akaondoka. Dada akaendelea na biashara zake, miaka ikaenda. Baba amefariki mwaka juzi. Na wenye asili ya kule mnajua mila ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa: mtoto wa kwanza wa kiume alishakatiwa chake, kitinda mimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi, sisi wa katikati tukajitafutie. Mimi niko Arusha, nimejitafutia, sina kinyongo. Mabinti hawamo kabisa kwenye sentensi hiyo.

Mwezi uliopita dada karudi, kapanga vitu vyake chumba cha nyuma. Baba mdogo kaitisha kikao cha ukoo, tarehe 27 Desemba, wakati wote tumepanda nyumbani kwa Krismasi, kuhesabiwa. Kila mtu alidhani anakuja kuomba kipande cha kihamba. Kaka mkubwa akampigia simu kumtuliza, amwambie mila ni mila. Dada akamjibu, nanukuu: "Mimi sikuja kurithi. Nimekuja kudai ada."

Anayo kaunta buku, daftari nene la kwaya (quire) tatu, imeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Tangu 1990. Kila mtoto na kurasa zake. Tarehe, nani, nini, kiasi.

Mimi ndiye mhasibu wa familia kwa taaluma, na sikuwahi kujua kwamba kuna mahesabu.

Wakuu, familia kubwa mnaijua. Mnaweza kudaiana ndugu wa tumbo moja? Tiririkeni.

---

Mangi Mstaafu aliandika:

Mkuu umenirudisha mbali. Mzungu wa nne! Sisi tulikuwa saba, Uru, na blanketi lilikuwa moja la kijivu. Anayelala katikati ndiye tajiri. Wa pembeni anavuta, wa pembeni mwingine anavuta, usiku kucha mnacheza kuvuta kamba.

Kuhusu mada: dada alipwe. Ila asitake riba, atawafilisi wote.

---

Kifungua Mimba aliandika:

Mleta mada, nakuheshimu ila umemsema kaka yako mkubwa kwa mistari miwili tu na yote ya simu. Mimi ni wa kwanza kati ya tisa, Mwika. Nilipoanza kazi, mshahara wangu wa kwanza ulikuwa na mipango ya watu tisa kabla sijaupokea. Nimejenga kwangu nikiwa na miaka 47. Hakuna aliyeniandikia daftari, na mimi sikuandika, kwa sababu ukianza kuandika utagundua unawachukia.

Dada yako kafanya kazi kubwa, sikatai. Lakini kaunta buku ya kuficha miaka thelathini inatisha kuliko deni lenyewe.

---

Mtoto wa Sita aliandika:

Kifungua Mimba, nimekubali kipande kimoja. Kaka alituma kweli, hasa kabla hajaoa. Lakini naye alikuwa na mahali pa kupumzikia: kila alipokuja Desemba alipewa kiti, supu na kidari cha mbuzi, akashukuriwa mbele ya watu. Dada alikuwa jikoni anakata hiyo nyama. Na hakuificha kaunta buku. Mama anasema ilikuwa juu ya kabati siku zote, chini ya mashine ya kushonea. Hakuna kati yetu aliyewahi kuifungua.

---

Mama Kitinda aliandika:

Mie ni kitinda mimba, Machame, wa nane. Watu wanafikiri sisi wa mwisho ndio tuliodekezwa. Ni kweli, nimekula firigisi. Lakini wenzangu waliwapata wazazi wakiwa na nguvu, mimi nimewapata wakiwa na presha na magongo. Wao wakipiga simu wanauliza "mama anaendeleaje", mie ndiye namgeuza kitandani. Kwa hiyo huyo mdogo wako anayebaki na nyumba, usimwone kabahatika. Nyumba inakuja na mama ndani.

Swali: huyo mdogo wenu anasemaje?

---

Mtoto wa Ngarenaro aliandika:

Nyie wenye vihamba mnagombania kitu kinachoonekana. Sisi tulikuwa wanane kwenye chumba kimoja cha kupanga Ngarenaro, Arusha mjini, pazia katikati, wazazi ng'ambo ya pazia. Asubuhi godoro linasimamishwa ukutani ili tupate pa kunywea chai. Baba alipokufa tulirithi redio na madeni dukani kwa mangi. Tulipendana sana, labda kwa sababu hapakuwa na cha kugawana.

Ila nakiri nawaonea wivu mnaokwenda mahali Desemba. Sisi chumba chetu sasa ni duka la vipuri.

---

Wakili wa Njoro aliandika:

Nieleze kidogo upande wa sheria, maana watu wanasema "mila ni mila" kama vile hakuna kingine.

Tangazo la Sheria za Mila la 1963, Tangazo la Serikali (GN) namba 436, linapanga warithi kwa madaraja matatu na mabinti wako la tatu, na kwa ardhi ya ukoo wanabanwa zaidi. Hilo lipo na linaumiza. Lakini Katiba ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hata kabla ya hapo, 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya kutoka Bukoba: mwanamke alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje, mpwa akapinga kwa kutumia mila. Mahakama ikasema mauzo ni halali, mwanamke ana haki ileile ya mwanamume.

Kwa dada yako: deni la ada bila makubaliano ni gumu mahakamani. Ardhi ana hoja nzuri zaidi. Yeye kachagua hoja dhaifu.

---

Mtoto wa Sita aliandika:

Aika mbe (asante sana), Wakili. Nilimpelekea dada ujumbe wako. Kajibu: "Mwambie najua." Basi.

Mama Kitinda, mdogo wetu wa mwisho ni mpole, yeye hajasema kitu. Huyo kakulia mgongoni kwa dada, sisi wengine tulikuwa shule. Nitarudi baada ya kikao.

---

Mangi Mstaafu aliandika:

Tunasubiri. Usije ukatutoroka kama wale wa "itaendelea".

---

Mtoto wa Sita aliandika:

Wakuu, kheri ya mwaka mpya. Nimerudi.

Kikao kilikuwa uani, chini ya mparachichi. Baba mdogo, wazee wawili wa ukoo, mama kwenye kiti chake, sisi tisa, wakwe wamesimama pembeni. Mbege ilikuwepo, kata inazunguka. Watoto wetu wote kwa pamoja hawafiki hata kumi na nane. Mama katuzaa kumi peke yake, nasi tisa tumeshindwa kumpa wajukuu wawili wawili. Sensa zinasema wastani wa nchi sasa ni kama watoto watano kwa mwanamke, sijui wanahesabu wapi. Kibosho siku hizi nyumba zina madirisha mengi kuliko watoto.

Samahani, siyo sensa, ni ule utafiti wa afya wa 2022, na ulisema 4.8. Nisahihishe kabla Wakili hajaja.

Baba mdogo akafungua kwa sala, kisha akaanza na mila, kihamba hakikatwi kwa binti, kesho ataolewa kiende kwa watu. Dada ana miaka hamsini na kitu. Mtu mmoja alicheka, nadhani ni mama.

Dada akasimama na kaunta buku. Sikutegemea alichofanya. Hakusoma jumla ya mtu yeyote. Alimpa kila mmoja wetu akapekue kurasa zake mwenyewe, akakaa. Pakawa kimya, unasikia karatasi tu. Wa nane alianza kulia mapema. Wa tano alitoa miwani, akairudisha, akaitoa tena. Kuna sehemu kaandika "ada muhula wa 2, baba kajazia 3,000". Hakumdhulumu mtu hata marehemu. Mtoto wa shangazi naye ana kurasa zake, na hakuwepo hata kwenye kikao.

Kaka mkubwa kurasa zake ni tupu, maana yeye alisomeshwa na kahawa. Akasema kwa hiyo mimi sidaiwi, na isitoshe nimetuma hela nyumbani miaka yote, hiyo mbona haijaandikwa? Dada akamwambia fungua nyuma. Nyuma kuna ukurasa wa kilichoingia kutoka kwake. Umeandikwa vizuri, kila mara aliyotuma, mpaka na jina la mtu aliyeleta bahasha. Ni ukurasa mmoja na robo.

Kaka hakusema tena mpaka jioni.

Sasa uamuzi. Kitinda mimba ndiye aliyesimama. Akasema nyumba ni yake kwa mila, na kilicho chake anaweza kumpa amtakaye, kwa hiyo kuanzia mferejini kushuka hadi kwenye zile anikio za zamani za kahawa ni pa dada na mwanawe. Baba mdogo akasema haiwezekani. Mzee mmoja wa ukoo akasema inawezekana kama ni zawadi ya ndugu na siyo urithi. Wakabishana saa nzima kuhusu neno moja. Mwisho wamekubali iandikwe "zawadi", na Januari hii wanakwenda ofisi ya kijiji. Baba mdogo bado hajatia sahihi, amesema anaumwa mgongo.

Dada kuhusu hilo neno alisema liandikwe lolote, mradi mpaka uonyeshwe kwa masale, majani yetu ya mipaka. Yalipandwa siku hiyohiyo, giza linaingia.

---

Kifungua Mimba aliandika:

Nimesoma mara mbili. Ukurasa mmoja na robo. Mkuu, hiyo imenigusa pabaya, ngoja nikampigie dada yangu.

---

Mtoto wa Ngarenaro aliandika:

Na ada je? Kaidai au kaisamehe?

---

Mtoto wa Sita aliandika:

Hajasamehe. Kasema kila mtu anajua ukurasa wake, alipe anavyojiweza, na kaunta buku imerudi juu ya kabati. Wa nane kashaanza kwa M-Pesa. Dada kamjibu kwa kuandika tarehe.

---

Mama Kitinda aliandika:

Na wewe mhasibu, ukurasa wako ulifika ngapi?

---

Mtoto wa Sita aliandika:

Sijajumlisha. Nilianzia juu na sikufika mbali. Mstari wa kwanza ni wa 1990, ndiyo kwanza anaanza kushusha ndizi Mbuyuni. Kaandika: "Wa 6. Kandambili, jozi 1, kijani."